Tuyapime Maji Kabla ya Kununua Mashine



Familia nyingi za mwambao zina watoto na ndugu waliohamia Nairobi kwa kazi au masomo, wakapanga katika maghorofa ya Kilimani, Kileleshwa na Lavington. Huko maji ya mfereji mara nyingi huja kwa zamu, na yasipokuja, nyumba hutegemea kisima kirefu kilichochimbwa uani au lori la maji. Kwa wakazi hao, na katika maduka ya katikati ya jiji, huuzwa mitambo ya kulainisha maji, na siku hizi husifiwa zaidi ile isiyotumia chumvi. Bei yake si ndogo. Ni wajibu wetu kujua tunanunua nini.

Maji huwa magumu yanapobeba kalsiamu na magnesiamu kwa wingi. Sisi wa pwani twayafahamu: visima vyetu vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, sabuni haitoi povu, na birika hushika ukoko mweupe. Mtambo wa kawaida hupitisha maji katika punje za resini, zikanasa madini hayo na kutoa sodiamu badala yake. Punje zikishiba, huoshwa kwa maji ya chumvi, na maji hayo humwagwa. Mwenye shinikizo la damu aliyekatazwa chumvi na amwulize daktari kabla ya kuyanywa maji yaliyolainishwa hivyo.

Mtambo usio na chumvi hauondoi madini. Ulio bora katika aina hii hugeuza kalsiamu kuwa chembe ndogo mno zisizoganda kwenye mabomba wala kwenye hita ya bafu. Watafiti wa Arizona State University, Marekani, walipoupima, ukoko ulipungua kwa zaidi ya asilimia 88, ilhali kifaa cha sumakuumeme kiliupunguza kwa karibu nusu tu. Hata hivyo, maji hubaki magumu kama yalivyokuwa: hita itasalimika, lakini sabuni haitaongeza povu. Anayeahidiwa maji laini kwa mtambo huu anaahidiwa kisichokuwamo.

Lakini kwa Nairobi liko swali la kutangulia hayo yote: je, maji yenyewe ni magumu? Maji ya mfereji hutoka zaidi bwawa la Ndakaini, yakiteremka kutoka milima ya Aberdare, nayo kwa asili ni laini. Maji ya visima virefu hupita katika miamba ya volkano. Aghalabu huwa na sodiamu nyingi kuliko kalsiamu. Yakikauka juu ya gilasi huweza kuacha doa jeupe, na mtu akadhani ni ugumu. Mtambo wa kulainisha, wa chumvi au usio wa chumvi, hauna dawa ya doa hilo.

Dhara kubwa la visima hivyo ni floraidi. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya Nairobi hupita hapo. Mtoto anayekunywa maji hayo kabla ya kutimiza miaka minane, wakati meno yake ya ukubwani yanaundwa, huweza kuota meno yenye madoa ya hudhurungi yasiyotoka kwa mswaki. Kuchemsha hakusaidii, maji hupungua na floraidi hubaki, ikazidi kuwa kali.

Basi twashauri hivi. Kwanza, tia maji nusu chupa, ongeza vipande vichache vya sabuni ya mche, utikise. Povu likipanda na maji ya chini yakabaki maangavu, maji ni laini. Yakigeuka maziwa yenye utando, ni magumu. Pili, kama ni ya kisima, mwombe mwenye nyumba cheti cha vipimo, au peleka sampuli kwa Mkemia wa Serikali, na uitaje floraidi kwa jina.

Ikipatikana, kinachoiondoa ni kichujio cha osmosisi kinyume kwenye bomba la jikoni. Kwa kuwa humwaga sehemu ya maji, kitumike kwa maji ya kunywa na kupikia tu. Ya kuoga, kufulia na kutawadhia hayahitaji, na israfu si tabia njema. Upo pia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, uliotumiwa sana na mradi wa maji wa Dayosisi Katoliki ya Nakuru. Muislamu anayeutaka na aulize mifupa imetoka kwa mnyama gani na kachinjwaje, kisha awarejee maulamaa.

Ama ukoko wa birika, siki au ndimu na maji moto huutoa kwa gharama ndogo. Fedha iliyookolewa hapo ndiyo ya kulipia kipimo, na kipimo hicho ndicho kitakachowahifadhi watoto meno yao.

Wabillahi tawfiq.