Zimwi Lisilo na Ukoo: Upungufu Mmoja wa Uhakiki wa Ngano

Lipo dai linalorudiwa mara kwa mara katika mijadala ya fasihi, kwamba mazimwi ya ngano za Kiafrika ni wahusika bapa: huingia, hula watu, huuawa, na hadithi ikaisha. Dai hilo limepata nguvu mpya kutokana na umaarufu wa Kimetsu no Yaiba, hadithi ya katuni ya Mjapani Koyoharu Gotouge kuhusu wawindaji wa mazimwi, iliyotolewa kwa mfululizo katika jarida la Weekly Shōnen Jump tangu mwaka 2016 hadi 2020. Wanaoisifu husema kwamba humo ndimo zimwi lilimopewa utu ambao ngano za kwetu hazikuwahi kulipa. Gotouge anastahili sifa. Hitimisho linalotolewa kuhusu ngano za Afrika Mashariki, hata hivyo, ni potofu, na madhara yake yanavuka kuta za darasa.

Yafaa kuanza na sehemu ya hadithi hiyo inayotolewa ushahidi, yaani ile ya mlima Natagumo. Zimwi Rui, lenye sura ya mtoto, limewakusanya mazimwi wengine na kuwalazimisha wawe baba, mama na ndugu zake. Anayekosea huadhibiwa. Msomaji huja kugundua kwamba Rui alikuwa mtoto dhaifu wa kibinadamu, aliyegeuzwa zimwi, kisha akawaua wazazi wake waliokuwa wamekusudia kumuua na kufa pamoja naye. Linapokatwa kichwa, mwindaji Tanjiro anakataa vazi lake likanyagwe. Anashikilia mambo mawili kwa pamoja: kwamba kwa ajili ya waliouawa hatasita kuutumia upanga wake, na kwamba zimwi nalo lilikuwa mtu. Hapo ndipo penye uzito wa kimaadili wa sehemu hii.

Je, uzito huo haupo Garissa? Miongoni mwa Wasomali wa Kaskazini Mashariki ya Kenya, kama ilivyo kwa Wasomali wengine, Dhegdheer anajulikana tangu utotoni. Jina lenyewe lina maana ya mwenye sikio refu. Huyu si jini wala pepo. Ni mwanamke mla watu, mwenye mbio zisizoshindika na sikio linalonasa hatua za mbali. Jambo ambalo wahakiki hulipita haraka ni kwamba Dhegdheer ni mzazi. Yapo matoleo ambamo binti yake mwenyewe huwaonea huruma mateka, na mwisho wa mla watu huyo huja anapokuwa amelala, kwa kumiminiwa sikioni kitu kilichochemka. Anapokufa, nchi hupata amani.

Ulinganisho hauepukiki. Natagumo mwindaji ni mgeni. Anakutana na zimwi usiku mmoja na kujifunza huzuni yake likiwa linakufa. Katika matoleo hayo ya Dhegdheer, anayesimama kinyume cha zimwi ni mtoto aliyelelewa nalo. Ujuzi wa utu wa zimwi haumfikii mwishoni kama ufunuo. Ameishi nao siku zote. Ngano haina haja ya kusimulia maisha ya zamani ya Dhegdheer, kwa sababu mahusiano ya ukoo yanafanya kazi hiyo. Anayedai kwamba mhusika huyu ni bapa hakusoma ngano. Amesoma muhtasari wake.

Lugha ya Kiswahili yenyewe inamkanusha. Methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha haiwezi kueleweka pasipo kukubali kwamba zimwi hujua watu na hujulikana nao. Kosa basi ni la uhakiki uliozoea kuhesabu motifu na kupachika ngano lebo ya "hadithi za watoto". Hata nje ya Afrika, Dhegdheer amehamishiwa kwenye rafu hiyo hiyo: mwaka 2007 alitolewa Minnesota, Marekani, katika kitabu cha picha cha lugha mbili. Kitabu hicho kina manufaa kwa watoto wa wahamiaji. Wahakiki wa vyuo vikuu hawana udhuru wa kuishia hapo.

Suala hili si la fani tupu. Kaskazini Mashariki ni eneo ambalo watu wake wamewahi kugeuzwa mazimwi kwa neno moja. Katika vita vya mwaka 1963 hadi 1967, jina "shifta" lilianza kwa wapiganaji likaishia kwa wafugaji wote, na sheria za hali ya hatari hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Mauaji ya Wagalla, Wajir, ya Februari 1984, yalitendeka mahali ambapo kuwa wa ukoo fulani kulitosha kuwa hatia. Kisha, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Kwa mujibu wa taarifa ya serikali, mmoja wa wauaji alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi, ambaye familia yake ilikuwa imekwisha kuripoti kwamba ametoweka.

Watasema wengine kwamba kulitafutia zimwi ukoo ni kulitetea. La hasha. Dhegdheer hasamehewi, wala Rui hasamehewi. Wote wawili hufa, na ngano haiwaombi walionusurika radhi. Kinachokataliwa ni uvivu wa aina mbili unaofanana: ule unaosema zimwi halina kwao, na ule unaosema kila aliye wa kwao ni zimwi. Binti wa Dhegdheer amekataa yote mawili. Mwanafunzi anayefundishwa kwamba ngano yake haina undani ananyang'anywa chombo cha kuukataa uvivu huo, kisha anaelekezwa Japani akakiazime. Asome Gotouge, na amsome kwa makini. Lakini asidanganywe kwamba swali hilo halikuwahi kuulizwa kando ya mto Tana.