Msinisugulie sarafu za zamani

Kazi yangu ni kubadilisha fedha. Naishi Nyakabuye, Rwanda, na siku za soko nashuka Bugarama, ambako mteja mmoja huweza kunitolea faranga za Rwanda, za Burundi na za Kongo kabla hatujamaliza kusalimiana. Watu wanajua kwamba nanunua na sarafu za kale pia. Wananiletea zikiwa zimefundikwa kwenye pindo la kitenge, na karibu zote zimesuguliwa kwa mchanga na ndimu hadi zinameta. Nawasihi waache.

Ninazozipenda kuliko zote ni sarafu za nyakati ambapo watawala waligombania ardhi moja. Kwetu, wakati huo ni vita vya 1914 hadi 1918. Kwenye rupia ya fedha yumo Wilhelm II wa Ujerumani, amevaa kofia ya vita yenye tai. Kwenye shilingi ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutolewa 1921, yumo George V wa Uingereza. Wote wawili majina yao yameandikwa kwa Kilatini, na wote wamejipa cheo cha makaisari wa Roma. Katikati yao akapita Mbelgiji kutoka Kongo: Mei 1916 aliingia Kigali, na tarehe 19 Septemba akaitwaa Tabora.

Tabora ndiko Mjerumani alikogonga sarafu zake za mwisho. Njia ya baharini ilikuwa imefungwa na Waingereza, fedha hazifiki kutoka Ulaya, basi mafundi wa karakana ya reli wakaanza kugonga sarafu za heller kwa shaba waliyoweza kuipata. Walitengeneza pia sarafu ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, na wakusanyaji wengi humwota tembo huyo. Mimi nachagua heller 20. Ina taji, herufi D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, koloni lake), mwaka 1916 na T ya Tabora, na imegongwa kwa haraka hata mkono unahisi ile haraka. Serikali iliyokuwa ikikimbia bado iliwataka watu waiamini.

Mama mmoja aliniletea heller kama hiyo ikiwa na udongo wake. Aliiokota akipalilia maharage, akanionyesha kwa kidole mteremko wenyewe. Nilimlipa zaidi ya nilivyowahi kulipa kwa sarafu safi, na jirani zangu walishangaa. Lakini fikirieni: mwaka ule sarafu ile ilipogongwa, Mjerumani alikuwa anaondoka huku. Si yeye aliyeileta. Yaelekea ilikuja na mtu aliyerudi kwa miguu kutoka upande wa Tabora, pengine mmoja wa wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi. Wapagazi wale hawakujengewa sanamu kwenye mteremko ule. Mahali sarafu ilipookotwa ndipo penye habari yao, na mahali hapo ndipo mwuzaji anapopasahau kwanza.

Wenzetu wa mbali wamelielewa hili. Mwaka 286 kamanda wa meli za Roma, Carausius, alijitangazia ukaisari Uingereza, akagonga sarafu zenye vichwa vitatu: chake na vya makaisari wawili waliokuwa wakimpinga, akiwaita ndugu zake. Mwaka 2010, huko huko Uingereza, mtafutaji wa sarafu aitwaye Dave Crisp aligundua chungu cha sarafu za Kirumi shambani karibu na Frome. Alipokiona chungu aliacha kuchimba, akawaita wataalamu. Zilikuwa sarafu 52,503, mamia yake za Carausius, na kwa kuwa zilitolewa tabaka kwa tabaka, wanahistoria waliweza kuuliza zilizikwa vipi na kwa nini. Angezimwaga kwenye gunia, swali lingekufa pale pale.

Wala si mambo ya kale tu. Mwaka 1994 serikali iliyotekeleza Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi ilikimbilia Zaire, Kongo ya leo, na fedha za benki kuu. Serikali mpya ikatoa noti za tarehe 1 Desemba 1994, na mwanzoni mwa 1995 za zamani zikafutwa. Noti ya zamani iliyobaki Bukavu, kule Kongo, na nyingine iliyobaki Nyakabuye zina chapa ile ile, ila zilipita mikono tofauti kabisa. Nimewaona vijana wakiziuza kwa watalii zikiwa bunda moja. Inaniuma.

Nataka kila ofisi ya umurenge (sekta) iwe na daftari moja la vitu vilivyookotwa: tarehe, shamba, kina cha udongo, kilichokuwa kando yake. Nakala ipelekwe makumbusho ya Huye na yale ya Kandt pale Kigali, na kitu chenyewe kibaki na mwenyewe akitaka. Hata karatasi ya daftari la shule inatosha kwa kuanzia. Ukija kwangu na sarafu chafu na karatasi hiyo, tutakaa tuzungumze bei. Ukija na inayometa, nitakulipa uzito wa shaba.