DAFTARI BILA MALI: NANI HULIPA MAKADIRIO YA UONGO?



Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumezuliwa msiba mwingine: daftari bila mali. Kila mwaka Bunge la Kaunti hupitisha bajeti yenye tarakimu iitwayo mapato ya ndani, yaani kodi ya ardhi, leseni za biashara, ada za masoko, maegesho na mabango. Tarakimu hiyo ikitiwa chumvi, bajeti nzima hugeuka ahadi hewa. Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, taarifa za Msimamizi wa Bajeti zimeonyesha tena na tena kaunti zikikusanya chini ya makadirio yao, Mombasa ikiwemo.

Wako watakaosema kukosea hesabu si dhambi. Naam, lakini mtu akosaye kwa bahati mbaya, mwaka huu huzidisha na mwaka ujao hupunguza. Anayezidisha kila mara ana sababu. Sababu yenyewe ni hii: fedha ya barabara moja ikiandikwa kuwa ya barabara tatu, Bunge huwa halijaamua lolote. Uamuzi wa kweli hufanywa baadaye, faraghani, na yule ashikaye ufunguo wa hazina. Yeye ndiye huchagua wadi itakayohudumiwa na mkandarasi atakayelipwa. Hivyo ndivyo kura ya mwananchi inavyoporwa bila sanduku kuguswa.

Pengo nalo hutafutiwa wa kuliziba. Bandari haiwezi kuliziba, kwa kuwa ushuru wa forodha ni wa Serikali ya Kitaifa. Mwenye jumba kubwa ana wakili wa kumtetea. Anayebaki ni mama karanga wa Likoni, muuza mboga wa Kongowea na msukuma mkokoteni wa Changamwe. Kweli, dau la mnyonge haliendi joshi.

Makadirio ya haki si uganga. Chukua mfano wa soko lenye meza 1,000, ada ikiwa shilingi 50 kwa siku, kwa siku 300. Karatasini ni shilingi 15,000,000. Lakini ikiwa daftari la miaka iliyopita laonyesha kuwa walipao ni 6 katika kila 10, makadirio ya kweli ni 9,000,000. Zile 6,000,000 zilizobaki si mapato. Ni kazi ambayo bado haijafanywa. Anayetaka kuziandika atueleze kwanza atazipataje, na kama choo na maji ambayo ada hiyo inalipiwa vipo sokoni.

Zamani tulikuwa na kisingizio. Chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Baraza la Manispaa lilingojea idhini ya Waziri aliyeko Nairobi. Katiba ya 2010 imekiondoa kisingizio hicho. Kifungu cha 201 chadai uwazi na ushirikishwaji wa umma katika fedha. Kifungu cha 210 chakataza kodi yoyote isiyowekwa kwa sheria. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika Mombasa, na kisiwani, yaani Mvita, 154,171 tu. Sisi wa nje ya kisiwa ndio wengi. Tukinyamaza, lawama ni yetu.

Basi twadai mambo matatu. Kwanza, kila chanzo cha mapato kiandikwe peke yake: walipaji wangapi, kiwango gani, siku ngapi. Pili, makadirio yajengwe juu ya makusanyo halisi ya miaka mitatu, wala si juu ya makadirio ya mwaka uliopita. Tatu, kila kaunti ndogo ionyeshwe ilichotoa na ilichorudishiwa.

Makadirio hufikishwa Bungeni kabla ya Aprili 30. Wapendwa waumini, mweka hazina wa kanisa hapangi ujenzi kwa sadaka ya watu asiowajua, na Injili ya Luka yatukumbusha habari za mjenga mnara asiyeketi kwanza kuhesabu gharama. Kila parokia na kila kikundi cha mtaa kiitake nakala, kiisome hadharani, na kimwite mwakilishi wa wadi ajibu swali moja: fedha hii itatoka kwa nani?

Asiyeweza kujibu asipitishe.