Injini Ivunjike Karakanani, Isivunjike kwa Mkulima



Reli haifiki Kisii wala Nyamira, lakini wana wa huko tumo karakanani Kisumu na Nairobi, na kila tukienda likizo twaulizwa habari za injini. Siku hizi ni habari za vijana wa jua kali wanaofunga injini kwenye mashine za kukata majani ya ng'ombe na za kusaga mahindi. Wanaiwasha, watu wanapiga makofi, na jioni imekwisha kuuzwa. Ustadi wao twaukubali. Haraka yao hatuikubali.

Injini iliyonguruma dakika 10 haijathibitisha neno. Ipewe mzigo kamili, mchana na usiku, ndipo itasema yaliyomo ndani yake. Gasketi ya kichwa huungua kwa kuwa boliti hazikukazwa sawasawa. Ringi za pistoni hukwama. Beringi za krenki huyeyuka kwa kukosa oili, ingawa mwenye masikio husikia inagonga mapema. Boliti ya konrodi ikikatika, chuma hupasua bloki na kutoka nje, na ole wake aliyesimama karibu. Yatokee karakanani, fundi akiwa nyuma ya ukuta na kalamu mkononi, kuliko kwa mama aliyekopa fedha za chama kununua mashine ile.

Hata Rudolf Diesel mwenyewe, ambaye jina lake twalitamka kila siku kazini, mwaka 1893 mtambo wake ulipowaka mara ya kwanza ulipasua chombo cha kupimia. Alibadili vyuma mpaka 1897 ndipo ukapimwa na kukubaliwa. Na bado mitambo ya kwanza iliyouzwa iliharibika, mingine ikarudishwa na wanunuzi. Miaka 4 haikutosha!

Kwetu, mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde motokaa ya Kenya. Magari 5 ya majaribio, Nyayo Pioneer, yalionyeshwa mwaka 1990, yenye mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Kampuni ikaundwa iyatengeneze kwa wingi, fedha zikakosekana. Shirika lililozaliwa na mradi ule, Numerical Machining Complex, liliwekwa katika karakana za reli Nairobi. Wapo wanaoyacheka magari yale. Sisi hatucheki. Magari 5 ni mwanzo wa kujaribu tu, na kazi ya kuvunja na kurekebisha ndiyo inayokula fedha, nayo haina sherehe wala picha gazetini.

Tena milima yetu haina huruma. Keroka iko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa yake ni kama sehemu 4 katika 5 za ile ya Mombasa, basi injini iliyopimwa pwani hupungukiwa nguvu huku. Lori la majani ya chai likizimika mlimani Nyamira, majani huharibika, na jasho la mchumaji limekwenda bure.

Injini ya ndege hujaribiwa saa 150 kabla ya kupewa cheti. Sisi twaomba saa 100 tu. Chuo cha ufundi cha taifa kilichoko Kisii kitenge banda moja la kujaribu injini kwa mzigo, na daftari la kuandika kila chuma kilichovunjika na saa kilipovunjika. Wasimamizi wapo: mafundi wastaafu wa reli wamekaa Suneka na Nyansiongo wakipalilia ndizi. Waitwe, wapewe posho. Barua imekwisha kuandikwa. Anayekubali aje kutia sahihi kwa katibu wa tawi kabla ya mwisho wa mwezi.