Kiwanja cha milioni 20 kisiandikwe milioni 5

Ukitafuta kiwanja Chanika, Goba au Kigamboni, hata bei haijatulia dalali atakuvuta pembeni: "Bosi, kwenye mkataba tuandike ndogo, TRA wasitusumbue." Wengi hukubali. Kiwanja cha shilingi milioni 20 kinaandikwa milioni 5, muuzaji anafurahi, na mnunuzi anadhani ameokoa fedha. Ukweli ni kwamba ameshaumizwa.

Kodi inayoogopwa ni ya ongezeko la mtaji, na kisheria mlipaji ni muuzaji. Kwa mkazi wa Tanzania ni asilimia 10 ya faida. Aliyenunua kwa milioni 12 akauza kwa milioni 20 anadaiwa 800,000. Ushuru wa stempu, ambao kwa kawaida hubebwa na mnunuzi, ni takriban asilimia 1 ya bei, yaani karibu 200,000. Kodi ya muuzaji isipolipwa, Msajili wa Hati hahamishi umiliki. Kwa hiyo muuzaji akishapokea fedha zote na kuzima simu, deni lake linamwangukia anayehangaikia hati.

Sasa ile milioni 5. Mnunuzi akija kuuza kwa milioni 30, gharama yake inayosomeka ni milioni 5. Atatozwa kwa faida ya milioni 25, sawa na 2,500,000, wakati angeandika bei halisi angelipa 1,000,000. Na hayo ni madogo. Akijitokeza mke wa muuzaji ambaye hakuridhia mali ya familia iuzwe, mkataba ukavunjwa, mnunuzi atadai arudishiwe kiasi gani? Karatasi aliyoisaini mwenyewe inasema milioni 5. Tena mkataba usiolipiwa stempu haupokelewi mahakamani kama ushahidi.

Halafu kuna ile asilimia 10 ya bei ambayo ofisi ya mtaa hudai. Kwa kiwanja chetu ni milioni 2, mara mbili ya kodi na stempu zikijumlishwa. Haimo katika Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 wala katika Sheria ya Ushuru wa Stempu, na mara nyingi hata stakabadhi haitolewi. Sipuuzi kazi ya mwenyekiti na mtendaji: wanazijua familia, wanaijua mipaka, na ushahidi wao umewaokoa wengi wasiuziwe kiwanja chenye mwenyewe. Lakini kushuhudia mauziano si kutoza kodi.

Kwa nini watu wakwepe 200,000 ya stempu halafu watoe milioni 2 mtaani bila kuuliza? Kwa sababu mtaani mambo yanaisha siku hiyo hiyo, na mhuri unagongwa mbele yako. Njia halali inapitia kwa mthamini, TRA, halmashauri na msajili. Serikali inayotaka kodi yake ifupishe njia hiyo, na ibandike viwango halali kwenye mlango wa kila ofisi ya mtaa.

Wewe unayenunua usisubiri hilo. Fanya upekuzi rasmi wa hati kwanza. Mwambie wakili ataje ada yake kwa maandishi kabla ya kuanza kazi. Andika bei uliyolipa kweli, lipa kupitia benki, na mkataba useme wazi nani analipa kodi ipi. Sehemu ya fedha ya muuzaji ibaki mkononi mwako mpaka athibitishe kwamba ya kwake ameilipa.