Ankara Mbili za Mahindi na Maharagwe

Tunaliendea suala tulilofikishiwa na kina mama wawili washirika wa biashara. Wakala wao aliwanunulia Kitale magunia 3 ya mahindi na 2 ya maharagwe kwa shilingi 30,000. Kisha Bungoma magunia 4 ya mahindi na 3 ya maharagwe kwa shilingi 43,000. Bei ya kila gunia, asema, ilikuwa ile ile katika miji yote miwili, ila hakuiandika. Mmoja huuza mahindi, mwenziwe maharagwe. Kila mmoja atoe ngapi? Wameshaanza kununiana.

Jawabu limo katika madaftari ya watoto wao wa sekondari: milinganyo miwili itatuliwayo kwa pamoja, kwa njia ya kuondoa. Maharagwe ni 2 huku na 3 kule, hayalingani, basi tuyalinganishe. Ankara ya Kitale tuizidishe mara 3: mahindi 9, maharagwe 6, shilingi 90,000. Ya Bungoma mara 2: mahindi 8, maharagwe 6, shilingi 86,000. (Wanafunzi wengi huzidisha magunia wakasahau shilingi, huko ni kupunja.) Sasa toa ya pili katika ya kwanza. Maharagwe yametoweka, limebaki gunia moja la mahindi, nalo ni shilingi 4,000. Rejea Kitale: mahindi 3 ni 12,000, zimebaki 18,000 za maharagwe 2, yaani 9,000 kila gunia. Mwenye mahindi, kwa magunia yake 7, atoe 28,000. Mwenye maharagwe, kwa 5, atoe 45,000. Jumla ni 73,000, sawa na ankara zote mbili.

Wapo wazazi wadhanio kuwa elimu hii haiwahusu mabinti. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun kitabu kilichotupa neno aljebra, alitenga humo sehemu kubwa kwa wasia na mirathi. Na mirathi ina mafungu ya wanawake. Lakini haki isemwe, kuondoa ni njia kongwe kuliko yeye. Wachina waliiandika yapata miaka 2,000 iliyopita katika kitabu chao cha sura tisa za hesabu, na swali la kwanza la sura ya 8 ni la nafaka vilevile: miganda ya daraja tatu.

Jambo moja lataka hadhari. Ankara mbili ni mashahidi wawili. Lau ya Bungoma ingekuwa magunia 6 na 4 kwa shilingi 60,000, huyo angekuwa shahidi wa Kitale akirudia maneno yake, na tukitoa tungebaki na sufuri. Na ikiwa bei za Kitale na Bungoma zilitofautiana, basi yasiyojulikana ni manne, wala ankara mbili hazitoshi kuyafichua. Hivyo tumewataka kina mama hao wamuulize wakala tena kuhusu bei, safari hii kwa maandishi, kabla ya kulipana.