Kabla ya farasi, angalia miguu

Nilipotea kidogo kwa ajili ya mitihani, ila leo nina dukuduku na lazima nilitoe kabla sijalala.

Mnalijua lile Impreza la bluu la mwenzangu wa chumba, lile alilorithi kwa marehemu kaka yake. Ni WRX la mwaka 1998. Sasa jamaa kapata mkwanja, laki tisa taslimu, na anataka kuzimaliza kwenye eksozi kubwa na kukata springi ili gari "likae chini". Nusu ya bweni inamshangilia. Mimi nasema hapana, na wala siyo wivu.

Jumapili tulikuwa wanne tunarudi kutoka Bagamoyo. Kwenye kona moja, wala hatukuwa na mwendo wa ajabu, tairi la nyuma likapita kwenye shimo. Gari likaruka kiubavu, mkia ukataka kutangulia. Jamaa akalirudisha, tukacheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu waliokauka midomo. Kesho yake tukaenda gereji. Fundi akachomeka mtalimbo kwenye mkono wa chini wa tairi la mbele, akausukuma, ukacheza kama jino bovu. Bushi zimepasuka. Shokapu mbili za nyuma zinavuja mafuta. Na mwenye gari bado anaongelea eksozi!

Jamani, mpira wa bushi haujui kwamba gari lina turbo. Unazeeka tu. Kazi yake ni kuushika ule mkono ili tairi lielekee pale usukani unapotaka. Ukipasuka, tairi linajichagulia njia kila ukikanyaga breki. Shokapu nayo haibebi gari, hiyo ni kazi ya springi. Yenyewe inaituliza springi ili tairi lisidundedunde. Tairi likiwa hewani halishiki kona wala breki, hata ungekuwa dereva hodari namna gani.

Na nguvu siyo shida ya gari hili. WRX lilipotoka Japani mwaka 1992 lilikuwa na farasi 240, kwa uzito wa kilo 1,200 na ushee. Hizo hata leo si haba.

Tuje kwenye kukata springi. Watu wanadhani gari likishuka basi halilali kwenye kona. Kwenye Impreza kila tairi lina nguzo moja yenye springi na shokapu pamoja. Ukilishusha kupita kiasi, mikono ya chini inapinda kuelekea juu, na ile sehemu ambayo bodi inailalia inashuka zaidi kuliko uzito wenyewe ulivyoshuka. Matokeo yake bodi inaweza kutaka kulala zaidi ya mwanzo! Halafu shokapu inakosa nafasi ya kucheza, kila tuta inagonga mwisho. Colin McRae aliposhinda Safari Rally kule Kenya mwaka 1997, alikuwa na Impreza. Magari ya mashindano yale yalikuwa yananyanyuliwa na kuimarishwa miguu, hayakulazwa chini. Sasa sisi wa matuta ya Dar tunamuiga nani?

Ningekuwa mimi, zile laki tisa ningezipanga hivi. Kwanza bushi, bolijointi na shokapu zote nne, na kukagua kutu pale nguzo zinapofungwa kwenye bodi. Pili matairi ya maana, kisha yapimwe yakae sawa. Kikibaki chochote, stebilaiza nene ya nyuma, maana Impreza lina pua nzito na hupenda kwenda moja kwa moja ukilikatisha kona. Chuma cha milimita 22 badala ya 20 kinaongeza ugumu kwa karibu asilimia 46, kwa milimita mbili tu! Wanaosifia bushi ngumu za plastiki siwapingi, zinadumu na zinashika, ila mjiandae kwa kelele na mtikisiko. Kwa gari la kila siku, mpira mpya unatosha.

Najua kwa nini hoja yangu haiuziki. Eksozi inasikika mpaka bweni la kina dada. Bushi hakuna anayeipiga picha. Lakini eksozi haitakushikia kona.

Na kuna jambo ambalo sikumwambia mbele za watu. Mama yake ameshazika mtoto mmoja. Lile gari analipenda kwa sababu ya aliyeliacha, na huyu aliyebaki ndiye analiendesha.

Leo jioni nimemwambia tu: "Kaka, bila shokapu mpya mimi sipandi tena." Hakunijibu. Sasa hivi anakoroma hapa pembeni. Jumamosi anakwenda gereji, na nimeshamwambia nitamsindikiza kwa daladala.

Wenye hoja tofauti karibuni, ila kwanza mkaangalie bushi zenu.